Cayenne ya Kuchaji: Pima Maegesho Kabla ya Kupima Injini

Anayetaka kununua Porsche Cayenne ya haibridi karibu kila mara huanza kwa kuuliza mbio zake. Majibu ni matamu. Turbo S E-Hybrid iliyotoka mwaka 2019 ina injini ya V8 ya lita 4.0 yenye turbo mbili, inasaidiwa na mota ya umeme, na kwa pamoja zinatoa nguvu-farasi 680. Hufika kilomita 100 kwa saa ndani ya sekunde 3.8, na hapo tunazungumzia gari la familia lenye uzito wa karibu tani mbili na nusu. Turbo E-Hybrid ya 2023 imepanda hadi nguvu-farasi 739.

Mimi mtu akinipigia kuomba ushauri juu ya gari hili, humuuliza kwanza litalala wapi. Ndani ya geti lako? Chini ya fleti, kwenye maegesho yasiyo na soketi? Au nje, kando ya kibanda cha mlinzi? Nauliza hivyo kwa sababu gari hili lina matangi mawili. La petroli utajaziwa na kituo chochote. La umeme hakuna wa kukujazia isipokuwa wewe mwenyewe, usiku, nyumbani kwako. Usipolijaza, gari halitakataa kwenda. Injini itabeba mzigo wote. Ila utakuwa umebeba takriban kilo 300 za betri, mota na nyaya ambazo Cayenne ya kawaida haina, na unazizungusha mjini kwa petroli unayoilipia wewe.

Kwa hiyo ushauri wote unaofuata ni wa mtu aliye na uhakika wa mahali pa kuchomeka, au aliye tayari kupatengeneza kabla gari halijashuka bandarini.

Zijue tofauti zake kwanza

Jina la haibridi limepachikwa kwenye Cayenne zisizolingana. Ile ya 2010, S Hybrid, haichomekwi popote. Betri yake ndogo hujichaji gari likiwa safarini tu. Muuzaji akikuambia “ni haibridi” na kuishia hapo, mwombe picha ya soketi ya kuchajia. Iko ubavuni nyuma kushoto, mkabala na mdomo wa tangi la petroli ulio upande wa kulia. Hana picha? Huenda hana soketi.

Ya kwanza kuchomekwa ni S E-Hybrid ya 2014, yenye betri ya kilowati-saa 10.8 na nguvu-farasi 416. Kizazi cha 2018 kilileta betri ya 14.1, na E-Hybrid ya V6 ikafika nguvu-farasi 462. Kisha mwaka 2020 betri ikapandishwa hadi 17.9, huku gari kwa nje likibaki vile vile. Hapo ndipo pa kuwa macho: yanaweza kusimama magari mawili yenye rangi moja, taa zile zile na viti vile vile, kumbe moja lina umeme zaidi ya mwenzake kwa zaidi ya robo. Omba orodha ya vifaa vya gari kwa namba ya chasisi, usitegemee macho. Toleo la 2023 lilirukia 25.9, na hilo ni gari jingine kabisa kwa anayeishi mbali na kazini. Kilowati-saa, kwa asiyelizoea neno hilo, ndizo zile uniti unazonunua kwa tokeni ya Kenya Power au kwa LUKU.

Kwenye orodha hiyo hiyo tafuta chaja ya ndani ya gari. Hii haionekani, ni kifaa kinachougeuza umeme wa nyumbani ili betri iupokee. Magari mengi ya 2018 hadi 2022 yaliuzwa na chaja ya kilowati 3.6, na ile ya 7.2 ililipiwa zaidi. Unaweza kufunga kituo cha kuchajia cha bei mbaya ukutani, na gari lenye chaja ya 3.6 bado likanywa kwa mwendo wake ule ule. Toleo la 2023 lina chaja ya kilowati 11.

Umeme wa nyumbani

Soketi ya pini tatu tuliyorithi kwa Waingereza, Kenya, Uganda na Tanzania, inatosha. Waya wa kuchajia unaochomekwa hapo kwa kawaida huvuta ampea 10 hivi, yaani kilowati 2.4 au pungufu kidogo, na betri ya 17.9 iliyokauka itajaa kwa saa nane. Ukichomeka saa tatu usiku, alfajiri gari liko tayari. Hakuna haja ya kukimbilia kituo cha ukutani wiki ya kwanza.

Tatizo ni kwamba soketi nyingi majumbani hazikufungwa kwa kazi ya saa nane mfululizo. Pasi huvuta umeme mwingi lakini kwa dakika chache. Birika hivyo hivyo. Gari halipumziki. Kwa hiyo usiku wa kwanza usiende kulala mara moja. Chomeka, subiri nusu saa, kisha gusa plagi kwa mgongo wa mkono. Ikiwa vuguvugu, sawa. Ikiwa moto hata mkono hautulii, zima kwenye swichi ya ukutani, chomoa, na usichaji tena mpaka fundi aifungue soketi hiyo. Mara nyingi atakuta skrubu imelegea na plastiki imeanza kuwa kahawia upande mmoja. Aina nyingi za nyaya za kuchajia, na menyu ya gari lenyewe, zinakuruhusu kupunguza mkondo. Ukiwa na shaka na nyaya za nyumba, punguza, ukubali kuchaji kwa saa nyingi zaidi.

Ekstensheni usitumie. Zile za kuviringishwa kwenye gurudumu ndizo mbaya kuliko zote, maana waya uliojikunja huhifadhi joto.

Ukiamua kufanya kazi nzuri mara moja, mwambie fundi umeme mwenye leseni akuvutie laini ya peke yake kutoka kwenye boksi la swichi: waya mnene unaomudu ampea 32, breka yake yenyewe, kifaa cha kukata umeme unapovuja, na waya wa ardhi uliopimwa kwa mita, si wa kudhaniwa. Hili la ardhi lina maana kuliko watu wanavyofikiri. Waya wa kuchajia hukagua ardhi kabla ya kuruhusu umeme kupita, na nyumba ikiwa haina ardhi ya kweli, taa nyekundu inawaka na gari linakataa. Watu husema gari bovu. Gari liko sahihi, nyumba ndiyo mbovu. Kwa sababu hiyo hiyo jenereta ndogo ya petroli mara nyingi haitachaji gari hili, na hata ingechaji, kuchoma petroli nje ya gari ili kuepuka kuichoma ndani ya gari ni kichekesho.

Mpangaji wa fleti ana kazi ya ziada. Zungumza na mwenye nyumba kabla ya kulipa hata shilingi moja ya gari. Mpendekezee mita ndogo ya kwako peke yako, maana hakuna kinachozua ugomvi kwenye jengo kama bili ya umeme wa pamoja na gari moja la kifahari lililochomekwa usiku kucha.

Hesabu isiyopendeza sana

Sasa pesa. Chukua mfano, kisha uweke bei za kwako. Tuseme uniti moja ni shilingi 30 za Kenya na lita ya petroli ni 180. Kujaza betri ya 17.9, ukihesabu na umeme unaopotea njiani kama joto, utatumia uniti 20 hivi: shilingi 600. Kwa foleni za Nairobi na kiyoyozi, umeme huo utakupeleka kilomita 36 au karibu na hapo. Kiwandani walitangaza hadi 48. Umbali huo huo kwa petroli, gari zito kama hili likinywa lita 15 kwa kilomita 100, ni lita 5.4, yaani shilingi 972. Umeokoa 372. Kwa siku 22 za kazi ni elfu nane na ushei kwa mwezi.

Elfu nane si haba, lakini hailipi hata tairi moja la inchi 21. Nchini Kenya kuna tarifa maalumu ya magari ya umeme iliyoanza 2023, shilingi 16 kwa uniti na 8 kwa saa za usiku kabla ya kodi na makato mengine, na ukiipata kwa mita yake hesabu inanoga. Hata hivyo, atakayekuambia kwamba Cayenne ya kuchaji ni njia ya kubana matumizi anakuuzia kitu. Faida ya kweli ya umeme kwenye gari hili ni foleni: dakika arobaini za kusogea hatua kwa hatua Mombasa Road au Morogoro Road, kiyoyozi kinapuliza baridi, injini imezimwa, hakuna mtetemo, hakuna lita inayoteketea hapo uliposimama. Ukishaizoea hali hiyo, V8 ya kawaida inakuchosha.

Kulikagua gari lililotumika

Magari haya yanakuja kwetu zaidi kutoka Japani na Uingereza, kwa kuwa usukani uko kulia. Kila njia ina mtego wake.

Gari la soko la Japani lina soketi ya kuchajia ya aina ya kwanza, yenye matundu matano, wakati la Uingereza lina ya aina ya pili, yenye matundu saba, ambayo ndiyo inayoenea kwenye vituo vya kuchajia vya huku. Si balaa, nunua waya wa kubebeka wenye kichwa cha aina ya kwanza na plagi ya pini tatu ya volti 240. Ila ununue kabla gari halijafika, na usithubutu kukata plagi ya Kijapani na kuunga nyingine kwa selotepu. Redio na ramani pia zitakuja kwa Kijapani, na huduma za simu zinazoendana na gari huenda zisifanye kazi nje ya nchi lilikouzwa. Karatasi ya mnada itakuambia alama za mikwaruzo na harufu ya sigara, lakini mara nyingi haitasema lolote kuhusu afya ya betri kubwa. Omba ripoti yake kando.

La Uingereza lina historia tofauti. Kule kodi ya magari ya kampuni ilikuwa nafuu kwa haibridi za kuchomeka, kwa hiyo mameneja walipewa magari haya kwa sababu ya kodi, wala si kwa sababu ya umeme. Wengine hawakuchomeka kabisa. Fungua buti, inua sakafu, toa mfuko wa nyaya. Ukikuta waya wa kuchajia bado una plastiki na vifungo vya kiwandani, umejua jambo: betri haikuchoshwa, lakini kilomita zote za kwenye dashibodi ni za injini. Basi kagua injini kwa ukali kuliko betri: kumbukumbu za oili, uvujaji, sauti ya kuwasha asubuhi ikiwa baridi. Na ukikuta mfuko wa nyaya haumo, punguza bei hapo hapo. Waya halali wa kiwandani ni ghali.

Kwa ukaguzi wa barabarani, mwambie muuzaji alichaji gari hadi asilimia 100 usiku wa kuamkia siku ya kulijaribu. Ukifika, usikubali maneno; tazama dashibodi. Kisha fanya hivi. Weka kipima-safari kwenye sifuri, chagua E-Power, yaani mwendo wa umeme mtupu, washa kiyoyozi, endesha kistaarabu mjini mpaka umeme uishe. Betri ya 17.9 iliyo na afya itakupa kilomita thelathini na kitu. Ikikupa 20 bila milima wala mbio, kuna swali la kujibiwa. Umeme unapoisha, sikiliza namna injini inavyopokea kazi. Kati ya injini na mota kuna klachi inayoziunganisha na kuzitenganisha, na ikiwa nzima utahisi mguso mdogo tu, au hutahisi kitu kabisa. Ikipiga teke, hasa ukiwa kwenye mwendo wa polepole, usinunue kabla ya kompyuta ya Porsche kusoma hitilafu zake. Baada ya hapo rudi, lichomeke mbele ya muuzaji, ukae nalo robo saa nzima. Gari linaloanza kuchaji na kuacha baada ya dakika tano ni gari linalouzwa kwa sababu hiyo.

Kiyoyozi nacho usikichukulie kama starehe tu. Betri ya gari hili inapozwa kwa maji, na joto hilo huishia kwenye mfumo wa kiyoyozi. Kisipotoa baridi injini ikiwa imezimwa, bei ya matengenezo si ile ya kujaza gesi kwa fundi wa jirani.

Halafu maji ya mafuriko. Mvua za Aprili na Mei 2024 zilizamisha magari mengi Nairobi, na magari ya mafuriko huuzwa yakiwa yameoshwa vizuri. Vuta mkanda wa usalama mpaka mwisho, unuse, utazame mchanga kwenye mkunjo. Inua sakafu ya buti, kwa sababu betri kubwa imelala hapo chini. Ukiona kutu kwenye bolti za viti au ukungu ndani ya taa, ondoka. Kwenye gari la kawaida mafuriko huleta usumbufu wa miaka miwili. Kwenye hili yameigusa sehemu ya bei kubwa kuliko zote.

Nyaya za rangi ya chungwa ni za umeme wa juu, mamia ya volti. Haziguswi na mtu asiye na mafunzo. Fundi wa gereji yako anaweza kuwa bingwa wa gia na breki kwa miaka yote hii, na bado hiyo si kazi yake. Ulizia kabla ya kununua nani mjini kwenu ana mafunzo na kompyuta ya gari hili. Kama jibu ni kwamba hakuna, jibu hilo ni sehemu ya bei.

Kuhusu ushuru sitasema mengi kwa sababu viwango hubadilika kila bajeti. Jambo moja tu: wakala wako wa forodha aandike gari chini ya namba 8703.60, ambayo ndiyo ya haibridi za petroli zinazochomekwa. 8703.40 ni ya haibridi zisizochomekwa, na kuchanganya hizo mbili kunaweza kukutia kwenye barua na adhabu. Kenya haipokei gari lililozidi miaka minane. Tanzania inalipokea lakini kwa ushuru wa ziada wa uchakavu.

Namna ya kuliendesha

Gari huwaka likiwa kimya, kwa umeme. Mtaani kwenye watoto, mbuzi na mlinzi aliyesinzia karibu na geti, kumbuka kwamba hakuna anayekusikia ukirudi nyuma.

Kosa kubwa la wenye magari haya, na wengi hawajui kama ni kosa, ni hili. Umetoka nyumbani kwa umeme, umefika barabara kuu, spidi 90, injini haijawashwa hata mara moja tangu jana. Mbele kuna lori. Unakanyaga mafuta hadi chini. Injini inaamka kutoka usingizini na kupandishwa moja kwa moja hadi mizunguko elfu tano au zaidi, oili ikiwa bado baridi na nzito, haijafika kwenye turbo. Fanya hivyo kila siku kwa miaka mitatu na turbo zitakudai. Dawa yake ni rahisi: dakika tano au kumi kabla ya kufika mahali utakapohitaji nguvu, toka E-Power uingie Hybrid Auto au Sport ili injini iwake na ipate joto taratibu. Kipimo cha joto la oili kimo kwenye dashibodi. Kikifika digrii 80 hivi, kanyaga utakavyo. Ukiwa kwenye E-Power, kanyagio lina mahali panapoleta ukinzani chini ya mguu. Kuvuka hapo ni kuiita injini. Jifunze kupahisi.

E-Hold huzuia umeme usitumike. Iwashe ukianza safari ndefu na betri imejaa, uutunze umeme mpaka mji wa mwisho. Anayetoka Nairobi kwenda Mombasa hana sababu ya kuchoma umeme wote kabla ya Machakos. Barabara kuu ni kazi ya injini, foleni ya Changamwe na Makupa ni kazi ya mota. E-Charge huifanya injini iichaji betri unapoendesha, na hunywa petroli kwa kazi hiyo. Itumie kwa dharura tu, ukijua utaingia mahali unapotaka ukimya. Sport Plus nayo huichaji betri kwa kasi ili nguvu isikauke, kwa hiyo usishangae mshale wa petroli.

Kwenye miteremko mirefu kuna mbinu ambayo si wengi wanaitumia. Mota hugeuka jenereta unapopunguza mwendo na kurudisha umeme kwenye betri, lakini betri iliyojaa haina nafasi ya kupokea. Gari la tani 2.4 likishuka mita 500 lina nishati ya uniti tatu na kitu. Hata ukirudishiwa nusu tu, ni kilomita tatu hivi za mjini bila malipo. Kwa hiyo usifike kileleni ukiwa na asilimia 100. Unayetoka Nairobi kwenda Naivasha, tumia umeme kupanda Limuru, ufike juu ya ukingo wa bonde ukiwa na nusu, kisha uache mteremko wa Mai Mahiu ukurudishie. Anayerudi Dar kutoka Iringa afanye vivyo hivyo kabla ya Kitonga. Ukishuka na betri iliyojaa, kazi yote inaangukia breki, na hizo zina tani mbili na nusu za kuzuia.

Mota ya kizazi cha 2018 inafika kilomita 135 kwa saa peke yake. Kikomo cha Kenya ni 110. Yaani unaweza kupigwa faini bila kuiwasha injini.

Utunzaji

Usiache betri ikiwa imejaa kabisa, au imekauka kabisa, gari likikaa muda mrefu. Ukisafiri mwezi mzima, iache nusu, kwenye kivuli. Joto la Mombasa, Dar na Zanzibar linazeesha betri, na iliyojaa huzeeka haraka zaidi. Kwa siku za kawaida tumia kipima-saa cha gari: weka saa ya kuondoka, nalo litachaji ili limalize karibu na muda huo, na litapoza ndani kwa umeme wa ukutani kabla hujatoka. Utaingia kwenye gari baridi ambalo halijagusa betri yake.

Kuna betri ndogo ya volti 12 pia. Hiyo ndiyo huamsha kompyuta zote, na ikifa gari la mamilioni halifungui hata mlango kwa rimoti ingawa betri kubwa imejaa. Lisipotembea wiki mbili tatu, iangaliwe.

Anayeishi kwa umeme tu asisahau petroli. Petroli inazeeka tangini. Weka nusu tangi, siyo tangi zima la kukaa miezi, na kila wiki endesha kwa injini nusu saa hadi ipate joto kamili. Oili ibadilishwe kwa tarehe hata kama kilomita hazijafika. Tumia petroli ya daraja linalotajwa kwenye kitabu cha gari. Injini hizi zilitengenezwa kwa oktani 98, na kushuka chini ya 95 si mahali pa kubana senti.

Breki za chuma nazo, kwa kuwa mota hufanya kazi nyingi ya kupunguza mwendo, hushika kutu, na pwani hewa ya chumvi huharakisha. Mara moja kwa wiki, barabara ikiwa tupu, piga breki kwa nguvu mara tatu nne kuisafisha diski. Turbo S E-Hybrid ina diski za seramiki ambazo hazina tabu hiyo, ila jiwe moja au fundi mzembe anayegonga ukingo wa diski kwa rimu anapobadilisha tairi atakuelewesha bei yake.

Tairi la akiba usilitafute. Sehemu yake ina betri. Utakuta chupa ya gundi na pampu ndogo, ambavyo havisaidii tairi lililopasuka ubavu kwenye shimo. Kwa safari za Marsabit, Lodwar au Mtwara panga tairi la ziada mapema, au nenda na gari jingine.

Na unapolipeleka kuoshwa, kataa kata kata injini kupigwa maji ya presha. Sema kabla hawajafungua boneti, kwa sababu kijana wa kuosha anadhani anakufanyia hisani. Kwenye barabara iliyofurika heshimu kina kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari lenyewe. Alichovuka jirani yako na Cayenne ya dizeli si kipimo chako.

Ukitaka nikuchagulie: E-Hybrid ya V6 yenye betri ya 17.9 na chaja ya 7.2, rimu za inchi 19 au 20, kumbukumbu kamili za matengenezo, na ripoti ya betri mkononi. Nguvu-farasi 462 zinazidi mahitaji ya barabara yoyote ya Afrika Mashariki. Ya 2023 yenye 25.9 ni bora zaidi kwa anayesafiri kilomita 50 kwa siku, bei yake ikishuka. Turbo S ichukue tu kama uko tayari kulipia diski za seramiki na fundi wa kiwandani bila kukopa. Na asiye na pa kuchomeka achukue Cayenne S ya petroli: ni nyepesi, ina mambo machache ya kuharibika, na atapata fundi wa kuitengeneza.